Kipimo cha Bibi

Kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu iliyowekwa juu ya cherehani ililia, na kila siku ilimkuta Pilipili ana mswaki mdomoni. Si kabla, si baada. Pilipili alikwisha kuamini kwamba simu ile ilikuwa inamvizia.

Pilipili si jina lililoandikwa kwenye cheti chake. Alipewa na bibi yake akiwa na miaka miwili, kwa sababu ya hasira zake za karibu. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hasira hazikuwa zimeenda mbali.

Alitema povu, akafuta mdomo kwa kiganja, akaichukua simu na kuingia nayo chumbani kwa Bibi. Swali la kwanza lilikuwa tayari linamsubiri kwenye kioo: Maumivu leo. Andika 0 hadi 10.

"Shikamoo, Bibi. Maumivu?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Maumivu, Bibi. Sifuri hadi kumi."

"Tunashukuru."

"Tunashukuru si namba, Bibi!"

"Basi andika namba ya kushukuru."

Jamani! Pilipili aliitazama saa ya ukutani. Kengele ya shule iligongwa saa moja kamili. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni dakika ishirini kwa anayetembea, na kumi na mbili kwa anayekimbia huku mkoba ukimpiga mgongoni. Nywele zake zilikuwa hazijachanwa, na bado kulikuwa na maswali matano.

"Basi niambie, ni kidogo, ni kiasi, au ni sana?"

"Mtu mzima akiulizwa hali hasemi 'sana'. Atawatia watu hofu bure. Niandikie mbili."

Pilipili akaandika 2. Kichefuchefu? "Kipo cha kibinadamu." Akaandika 1. Usingizi ulikuwaje? "Nililala. Kwani nilikwenda wapi?" Akaandika 1. Halafu likaja swali la nne, ambalo Pilipili alilichukia kuliko yote: Siku ngapi bila kupata choo?

"Bibi, choo..."

"Ishia hapo hapo!" Bibi aliinua kidole. "Mjukuu aniulize mimi mambo ya chooni? Tena mbele ya simu?"

"Simu haina masikio, Bibi!"

"Kama haina masikio, hospitali inasikiaje?"

Pilipili akaandika 0, akamalizia maswali mawili ya mwisho, la chakula na la uchovu, kwa namba za kuokoteza, akatoka mbio. Alifika shuleni saa moja na dakika sita. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama getini na orodha yake ya wachelewaji, na Pilipili alifagia uwanja kwa mara ya tatu wiki hiyo.

Sasa, kabla hatujamlaumu mtu, tuelewane kwanza jambo hili lilianzaje.

Bibi alikuwa fundi wa nguo kwa miaka arobaini. Mikono yake ilishona sare za nusu ya watoto wa mtaa, na wazazi wa watoto hao aliwashonea vilevile. Kisha saratani ikamwingia, ikatibiwa, ikaondoka, ikarudi. Iliporudi ilikuwa imefika kwenye mifupa. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alimwita mama yake Pilipili, akamwambia kuwa ugonjwa huo hautapona, lakini maumivu yanaweza kuzuiwa, na kuyazuia ndiyo kazi iliyobaki, na kazi hiyo si ndogo.

"Basi nirudisheni kwangu," Bibi alisema. "Sitaki kumalizia siku zangu kwenye kitanda chenye namba. Nataka kulala karibu na cherehani yangu."

Akarudishwa. Hospitali ikampa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, ya kunywa kila baada ya saa nne, na chupa nyingine ndogo ya kulainisha choo. Ikaleta pia utaratibu wa maswali ya simu. Muuguzi aliyekuja kuueleza alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzidiwa na kazi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akawaonyesha jinsi ya kujibu.

"Nina wagonjwa arobaini na wawili, kila mmoja kwake," alisema. "Siwezi kuwa kwa wote kila siku. Kwa hiyo majibu yenu ndiyo macho yangu. Kule ofisini nina ubao. Namba zikiwa ndogo, jina la mgonjwa linakuwa la kijani. Zikipanda, linakuwa la njano, halafu jekundu. Nikiona njano tu, nitapiga simu kabla hamjamaliza kunywa chai. Hiyo chupa ndogo ni ya wiki mbili. Majibu yakionyesha bado inahitajika, nitatuma nyingine. Nani atakuwa anajibu?"

Mama yake Pilipili alifanya kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli, na alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Alimpa Bibi dozi ya kwanza kabla ya kuondoka, na dozi za mchana Bibi alijipimia mwenyewe. Mama Mapacha, jirani wa mlango wa pili, aliingia adhuhuri kumpashia uji. Kazi ya simu ikamwangukia Pilipili.

"Mimi nitaweza," Pilipili alisema siku ile, kifua mbele. Wakati huo hakujua kwamba kuuliza ni rahisi, ila kujibiwa ndiyo kasheshe.

Jumamosi moja Bibi aliamua kumshonea sketi mpya ya shule, maana ya zamani ilikuwa imepanda juu ya magoti. Hakuweza tena kukaa kwenye cherehani, lakini sindano ya mkono ilikuwa bado inamtii. Alikalishwa kwa mito, akaivua shingoni ile futi yake laini ya kupimia, akamzungushia Pilipili kiunoni.

Pilipili alikumbuka jinsi wenzake walivyomcheka kwa kupenda maandazi. Akavuta pumzi, akabana tumbo.

Bibi alimfinya ubavuni, Pilipili akaruka.

"Unamdanganya nani?" Bibi aliuliza. "Mimi au futi? Wewe bana tumbo, mimi nitakata nilichopima. Siku ukikaa darasani, zipu itaachia mbele za watu, na utasema fundi mbaya. Nimeona wanawake wazima wakibana tumbo hapa, wanene kuliko mimi nilipokuwa mnene! Nguo ikawaumbua ukumbini. Achia tumbo, mke mwenza."

Pilipili akaachia, wakacheka wote wawili mpaka Bibi akashika kiuno na kunyamaza ghafla.

"Umeumia?"

"Sijambo," Bibi alijibu upesi. "Geuka nikupime urefu."

Jumatatu iliyofuata Pilipili alichelewa tena. Safari hii alikuwa anafagia uwanja pamoja na rafiki yake Kasuku, msichana aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Lakini namba unazoandika si ni zilezile kila siku?" Kasuku aliuliza, akiegemea fagio.

"Zilezile. Mbili, moja, moja, sifuri, moja, mbili. Bibi habadiliki. Ukimuuliza anashukuru!"

"Sasa unachelewea nini? Nakili za jana, utume, ukimbie shule. Kwani hospitali itajua?"

Pilipili alijua kwamba hilo halikuwa sawa. Moyo ulimwambia waziwazi, tena mara mbili. Lakini alikuwa amechoka. Alichoka na simu, alichoka na fagio, alichoka na "tunashukuru". Asubuhi ya Jumanne simu ilipolia aliijibu huku huku ukumbini, mswaki mdomoni, bila kutia mguu chumbani: 2, 1, 1, 0, 1, 2. Simu ikaandika: Asante. Majibu yamepokelewa. Alifika shuleni kabla ya kengele, na mwalimu wa zamu akampongeza mbele ya wenzake.

Basi akaendelea, hata Jumamosi na Jumapili ambapo hakukuwa na shule. Siku ya kwanza ilimuuma kidogo, ya tatu haikumuuma hata chembe. Jioni mama yake aliporudi, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, alimuuliza swali moja tu: "Umejibu maswali ya hospitali?"

"Nimejibu, Mama," Pilipili alisema. Na kweli alikuwa amejibu.

Mambo yalikuwepo ya kuonekana, kama kungekuwa na mtu wa kuyaona. Uji wa Mama Mapacha ulirudi jikoni bakuli limejaa. Bibi aliacha kumtania mtu. Redio yake, ambayo alibishana nayo kila asubuhi kama vile mtangazaji yumo chumbani, ikawa inazimwa mapema. Na ile sketi! Upindo wake ulikuwa umeanza kwa mishono midogo iliyonyooka, lakini mishono ikapinda, ikawa mirefu, halafu ikasimama pale pale siku tatu mfululizo. Pilipili aliiona, akakasirika. Alidhani Bibi amempuuza.

"Bibi, sketi yangu vipi? Ya zamani imebana!"

"Nitamalizia, mwanangu," Bibi alisema, macho yamefumbwa.

Mama naye alipomuuliza, "Mama, hali?" alipata jibu lilelile: "Sijambo, mwanangu, nyie ndio mmechoka." Bibi aliwajibu hivyo wote. Hata mtu aliyemsalimia kutoka dirishani alirudishiwa "sijambo" kabla hajamaliza salamu.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Ijumaa. Pilipili alirudi kutoka shuleni saa tisa alasiri, akashangaa kuona nyumba imenyamaza. Aliingia chumbani. Bibi alikuwa amejikunja ubavu mmoja, uso umelowa jasho, na ameuma kitu kwa meno. Ilikuwa sketi. Bibi alikuwa ameuma upindo wa sketi ya shule ili asipige kelele.

"Bibi!"

Bibi alitikisa kichwa, kumaanisha asiguswe. Mkoba wa Pilipili ulianguka sakafuni. Namba ya muuguzi, iliyoandikwa kwenye kadi ukutani, akaibonyeza mara tatu ndipo ikapita.

"Bibi anaumwa! Anaumwa sana! Njoo, dada, njoo!"

"Tulia. Ni Bibi yupi?" muuguzi aliuliza.

"Bibi fundi! Fundi wa nguo!"

Zikasikika karatasi.

"Mbona kwangu hapa ni wa kijani? Leo asubuhi maumivu mbili. Choo hana shida. Wewe sasa ungempa ngapi?"

Pilipili alimtazama Bibi. Kwa mara ya kwanza tangu utaratibu ule uanze, alimtazama kweli.

"Tisa," alisema, akaanza kulia.

Muuguzi alifika kwa pikipiki kabla ya saa kumi, kofia ya pikipiki bado kichwani. Mama Mapacha alikuwa amekuja mbio, naye alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha maji baridi. Muuguzi alimpima Bibi mapigo ya moyo, akamgusa tumbo, Bibi akaguna. Muuguzi akakunja uso.

"Hili silipendi," alisema. "Maumivu kuruka kutoka mbili asubuhi mpaka tisa alasiri si jambo la kawaida. Huenda mfupa umevunjika. Huenda utumbo umeziba. Siwezi kubahatisha. Itabidi aende hospitali sasa hivi, alazwe, apigwe picha. Naita gari."

Bibi alifumbua macho. Hakuwa na nguvu ya kubisha, ila chozi moja lilimtoka likapita pembeni mwa pua.

"Kitanda chenye namba," alinong'ona.

Pilipili aliitazama simu. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Simu ilikuwa na namba zake, kila siku safi, kila siku kijani. Lakini Bibi angebebwa, angetolewa kwenye chumba chake, aachane na cherehani yake, na pengine asirudi tena, kwa sababu ya maumivu yaliyoruka. Na hayakuruka.

"Dada," alisema. "Usiite gari kwanza. Hayakuruka."

"Nini hayakuruka?"

"Maumivu. Sikumuuliza Bibi leo asubuhi. Wala jana. Nilikuwa nanakili namba za zamani. Ili niwahi shule."

Muuguzi aliishusha simu yake polepole kutoka sikioni. "Kwa siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Siku kumi na moja!" Muuguzi alivua kofia ya pikipiki na kuitupa juu ya kiti. "Siku kumi na moja naangalia kijani, naenda kwa wagonjwa wengine, kumbe naangalia ukuta! Wewe mtoto!"

Pilipili aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondokea miguuni, na hakuyafuta, kwa kuwa aliona ni haki yake.

"Usimchinje peke yake," Bibi alisema kwa sauti ndogo.

Wote wakageuka.

"Hata siku alizoniuliza, nilimdanganya," Bibi aliendelea, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Nilisema mbili. Haikuwa mbili. Ilikuwa tano, ikawa sita. Na ile dawa... siinywi yote. Naruka dozi za mchana."

"Kwa nini, Bibi?" muuguzi alisema, karibu kulia kwa ghadhabu. "Kwa nini uruke dawa ambayo ipo hapa, kando ya kitanda chako?"

"Inafunga tumbo. Nikiinywa, choo hakuna. Ile chupa ndogo ilikwisha. Leo siku ya sita sijaenda. Nikaona bora niumwe kuliko kumtangazia mtoto mambo ya chooni."

Muuguzi alikaa kitandani pu. Alifunika uso kwa viganja viwili, kisha akavitoa.

"Nyumba hii itaniua mimi kabla ya mgonjwa," alisema. "Bibi yangu, dawa hiyo kufunga tumbo ndiyo tabia yake! Inamfunga kila mtu! Ndiyo maana nilileta ile ya kulainisha, na ndiyo maana swali la nne lipo. Wewe unaandikiwa sifuri kila siku, mimi nasema, haya, huyu hana shida, chupa asitumiwe. Ungesema siku mbili tu, siku mbili, ningeileta mwenyewe kwa pikipiki!"

Mama Mapacha alitikisa kichwa mlangoni. "Wahenga walisema, mficha maradhi..."

"Niache na wahenga wako," Bibi alimkatiza, na Pilipili karibu acheke katikati ya machozi, kwa maana hilo lilikuwa neno la kwanza la ukali kutoka kwa Bibi kwa wiki nzima.

Muuguzi alianza upya. Safari hii aliuliza kila kitu, naye Bibi alijibu kila kitu, kwa namba, uso ameugeuzia ukutani kwa aibu. Muuguzi akamsikiliza tumbo kwa kifaa chake, akamnyanyua mguu mmoja baada ya mwingine, akambonyeza mgongo. Kisha akatoka uani, akazungumza na daktari kwa simu kwa muda mrefu. Pilipili alimwona kupitia dirishani akienda na kurudi.

"Daktari amekubali abaki," muuguzi alisema aliporudi. "Hakuna dalili ya kuvunjika wala kuziba. Ni dawa iliyorukwa na choo kilichofungwa, na ugonjwa wenyewe umesogea kidogo bila sisi kuambiwa. Nitampa dozi sasa, nitamsaidia tumbo, na kesho asubuhi narudi. Lakini nisikilizeni: nisingeambiwa ukweli, sasa hivi Bibi angekuwa ndani ya gari."

Dawa iliponywewa, walisubiri. Nusu saa baadaye ngumi ya Bibi, iliyokuwa bado imeshika sketi, ilifunguka yenyewe, na sketi ikateleza ikaanguka. Upindo ulikuwa na alama za meno. Jioni, baada ya muuguzi kufanya kazi yake ya tumbo, ambayo Bibi alikataza isisimuliwe na mimi sitaisimulia, Bibi alilala usingizi wa kukoroma.

Mama aliporudi na kuelezwa, alisimama katikati ya ukumbi na mfuko wake mkononi. Pilipili alisubiri kelele. Hazikuja, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kila jioni nilikuuliza," Mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ukaniambia umejibu."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Na mimi," Mama alisema, akakaa kitini kwa uchovu, "nilikuwa nauliza juu ya simu. Sikuuliza juu ya mama yangu. Jumatatu nitaongea na mwalimu wako. Nitamweleza kuna mgonjwa nyumbani, akupe dakika kumi. Jambo hilo ungeniambia siku ya kwanza, mwanangu, tusingefika hapa. Ulichelewa mara kadhaa ukafagia kimya kimya, kama bibi yako na maumivu yake. Mmefanana nyie!"

Asubuhi muuguzi alirudi kama alivyoahidi, mkononi ameshika chupa ndogo mbili badala ya moja. Bibi alikuwa ameketi kwa mito, macho yamechangamka. Pilipili alimwamkia, kisha akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Bibi, nisamehe."

"Nimekusamehe jana nikiwa nimelala," Bibi alisema. "Lakini njoo hapa, nikuulize kama fundi. Mteja akija leo, nami nikamkatia nguo kwa kipimo cha mwaka jana, bila kumpima tena, kwa sababu nina haraka. Mimi ni fundi wa aina gani?"

"Fundi mbaya, Bibi."

"Tena mwizi wa kitambaa."

"Lakini Bibi," Pilipili alisema, na ile pilipili yake ikamrudia ulimini, "na mteja anayebana tumbo akipimwa?"

Muuguzi alimtazama mtoto, akamtazama Bibi. Bibi akacheka taratibu, kwa uangalifu, mkono ubavuni.

"Amenipata," alisema. "Mke mwenza amenipata."

"Basi mmehukumiana wenyewe, mimi nitaongeza neno moja," muuguzi alisema, akipanga chupa mezani. "Salamu ni salamu, Bibi. Jirani akikuuliza hali mwambie hujambo, ni adabu, wala sikukatazi. Lakini mtu anayekutibu akiuliza, yule anakupima. Ukimficha unamfunga macho, halafu unategemea akushike mkono. Na wewe binti, kazi ya kuuliza umepewa kwa sababu unaaminika. Namba uliyoibuni ni mbaya kuliko kutojibu kabisa. Usipojibu, mimi nitapiga simu kuuliza kulikoni. Ukijibu uongo, nitalala nikijua mambo ni shwari, na mtu wako atauma nguo. Jana ulisema kweli ilipokuwa ngumu kuisema, na kweli hiyo ndiyo iliyombakisha bibi yako kwake. Anzia hapo."

Ugonjwa haukuondoka, hakuna aliyeahidi hivyo. Lakini redio ilirudi kubishaniwa, na mishono ya upindo ikanyooka tena, midogo, inayofuatana. Baada ya wiki mbili Pilipili alivaa sketi mpya, Bibi akamzungusha mara tatu, akaridhika. Zipu ilipanda bila kubanwa tumbo.

Na saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ililia kama kawaida. Pilipili alikuwa na mswaki mdomoni, kama kawaida. Aliingia nao hivyo hivyo.

"Shikamoo, Bibi. Maumivu?"

"Marahaba. Nne na nusu."

"Hakuna nusu, Bibi! Ni nne au tano."

"Kwenye futi yangu nusu ipo. Miaka arobaini nimepima kwa nusu."

"Simu haina nusu!"

"Basi hiyo simu haijui ufundi. Choo, siku moja. Umesikia? Moja. Andika, usinitumbulie macho."

Pilipili alipiga mguu chini kwa hasira, akatazama saa, akamtazama Bibi, akafikiri. Nguo ikizidi hupunguzwa, ikipungua haivaliki. Hilo Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Akaandika 5, akamaliza maswali yote, akatuma.

Alimmiminia Bibi chai, akamkabidhi kikombe. Kabla Bibi hajafika nusu yake, simu ikaita.

"Mbona tano?" muuguzi aliuliza. "Jana ilikuwa nne. Kuna nini?"

"Muulize mwenyewe," Pilipili alisema, akamwekea Bibi simu sikioni na kuchukua mkoba wake. Akiwa mlangoni alimsikia Bibi akianza, kwa sauti ya fundi anayemweleza mteja mgumu:

"Kwanza, mwanangu, si tano. Hebu chukua kalamu."